Kampuni ya kamera inaniuliza "tuboreshe nini?" Wakuu, haya maoni yetu anayasoma mtu kweli?

Kitumbua_Moto (Ngamiani, Tanga)

Wakuu habari za jioni. Wenye haraka piteni, wenye nafasi vuteni jamvi maana maelezo ni marefu.

Mie ni mpiga picha. Harusi, maulidi, mahafali, pasipoti, hata msiba ukiniita nakuja. Mwaka wa tisa huu niko kwenye kazi hii hapa Tanga. Juzi nimerudi kutoka shughuli ya Chumbageni saa sita usiku, nimekaa kitandani nahamishia picha kwenye simu kwa ile programu ya kampuni ya kamera, mara kikachomoza kidirisha: wanataka maoni yangu ili waboreshe kamera zijazo. Dakika kumi tu, wanasema. Kampuni siitaji, sina ugomvi nayo. Nikajisemea leo mmejileta wenyewe, nina ya miaka tisa kifuani.

Maswali 22. Wanauliza nathamini kiasi gani kamera ifuate jicho la ndege anayeruka. Wanauliza jicho la paka. Wanauliza kama vidio ya 8K, ile yenye picha kubwa na kali kupindukia, inanitosha au nahitaji zaidi. Wakuu, mie tangu nianze kazi sijawahi kulipwa na paka. Wateja wangu ni bibi harusi aliyevaa shela jeupe linalong'aa kama bati jipya, ubavuni kwake bwana harusi mweusi tii ndani ya suti nyeusi, nyuma yao pazia la dhahabu na taa za LED zinazogeuka rangi kila sekunde, na MC anapiga kelele kwenye maiki, "kameraman, mbona umelala?" Nikipimia mwanga kwenye shela, bwana harusi anageuka kivuli chenye meno. Nikimpimia bwana harusi, bibi harusi anakuwa taa ya lori. Hilo hawajaniuliza.

Mwisho kabisa kuna kisanduku cha "maoni mengine", herufi 500. Hapo ndipo nilipokwama, leo siku ya pili.

Mwenzangu tunayechanga naye kodi ya studio ananicheka. Anasema kamera waachiwe wahandisi, maana mteja ukimwuliza atataka betri ya wiki nzima isiyo na uzito na bei ya fungu la mchicha. Mie namwambia kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Huyo mhandisi hajawahi kuibeba hiyo kamera kuanzia kumtoa bibi harusi saluni saa saba mchana mpaka keki saa tano usiku, feni ya ukumbi imeelekezwa kwa wazee na wewe uko upande wa sufuria za pilau.

Niwape mfano mmoja unaoniuma. Nilikuwa na kamera ya zamani kidogo, nikaitega kwenye stendi irekodi shughuli ya familia moja ya Raskazone, mie nazunguka na nyingine mkononi. Baba wa bibi harusi, mtu mzima, akashika maiki kumwusia mwanawe. Sauti imeshaanza kutetemeka, akina mama wameshatoa leso. Narudi kwenye stendi nakuta taa nyekundu imezima. Dakika 29 na sekunde 59, kamera imejikatia yenyewe, kimya. Usia wa mzee nusu uko kwenye memori, nusu umebaki masikioni mwa waliokuwepo. Yule binti mpaka leo tukikutana soko la Mgandini ananisalimia kwa upande.

Nikaja kujua baadaye kwamba kikomo kile hakikuwa cha ufundi. Umoja wa Ulaya ulikuwa unatoza ushuru wa forodha kamera za vidio, na kamera ya picha inayoweza kurekodi nusu saa mfululizo ilihesabiwa kuwa ya vidio. Watengenezaji wakaona dawa rahisi ni kuikata sekunde moja kabla. Kwa hiyo, wakuu, mtoza ushuru wa Ulaya alipewa kiti ndani ya kamera yangu, mie niliyeinunua nimesimama mlangoni.

Swali langu: maoni ya wateja yaongoze maboresho ya kamera au tuwaachie wataalamu? Na kama yaongoze, ya wateja gani? Naomba kuwasilisha.

---

Kashata_na_Kahawa

Siti ya mbele. Nasubiri wajuvi.

---

Jahazi_la_Tatu (Dar, asili Muheza)

Mleta uzi nakuheshimu, ila mwenzako wa studio ana hoja. Mie kazi yangu ni programu, maoni ya wateja nayala asubuhi mchana jioni. Mia wakiridhika wananyamaza. Watatu wakikasirika wanaandika kurasa. Ukiwafuata wale watatu umewaharibia mia.

Halafu mteja huomba vitu viwili vinavyogombana na wala hajui kama vinagombana. Chukua Canon EOS R5 ya mwaka 2020. Watu walitaka mwili mdogo, wakataka isiingie vumbi wala maji, wakataka vidio kubwa. Wakapewa yote: 8K ndani ya kimwili kilichozibwa kila tundu. Sasa joto litokee wapi? Canon wenyewe waliandika kuwa kwenye 8K itarekodi dakika 20 hivi halafu ipumzike, tena hicho ni kipimo cha chumba chenye nyuzi 23. Mitandao ikawaka moto kuliko kamera. Mwezi uliofuata ikatoka programu mpya ya ndani ya kamera kupunguza makali, lakini programu haitoboi dirisha kwenye chuma.

Na menyu je? Kila aliyeomba kitufe chake alipewa ukurasa wake. Menyu za Sony zilijaa hivyo hivyo, ombi juu ya ombi, watu wakawa wanapotelea humo kama mgeni kwenye vichochoro, mpaka 2020 kwenye kamera yao ya A7S III ndipo wakaipanga upya. Na waliolalamika kwamba menyu haieleweki ni hao hao walioijaza.

---

Kitumbua_Moto

> Jahazi_la_Tatu amesema: kipimo cha chumba chenye nyuzi 23

Umenimaliza hapo mkuu. Nyuzi 23 hapa Tanga ni alfajiri ya mwezi wa saba, na sijaona anayeoa alfajiri.

Ila umejibu swali langu bila kujua. Hiyo nyuzi 23 wameitoa wapi? Ni chumba cha mtu. Kuna watu chumba chao ndio kipimo, na kuna sisi.

---

Fundi_Lenzi (Tanga mjini)

Nimesoma kimya, sasa niseme. Mie natengeneza kamera, kabla yake redio na kaseti. Dodoso sijawahi kujaza. Kila kinachowekwa mezani kwangu ni maoni ya mteja, tena yasiyo na uongo, maana mtu anaweza kukwambia anaipenda kamera yake huku raba imening'inia.

Tuanze na hiyo raba ya kushikia. Imebandikwa kwa gundi ya karatasi laini. Jasho la kiganja linaingia, raba inavimba, inakua kubwa kuliko pale ilipokaa, halafu inaachia kwenye kona ya kidole gumba. Mtu anaivuta akiwa anaongea. Anakwenda kununua gundi ya viatu, anaibandika mwenyewe, wiki ijayo ananiletea kamera inanuka kama kwa mshona viatu na vitufe vitatu vimegandia humo humo. Nimeshabandua raba za kampuni zote mnazozijua. Haipo ambayo ilimfikiria mtu anayetoka jasho.

La pili kile kitundu kidogo cha HDMI. Chembamba kama ukucha wa mtoto. Mkivuta waya kupeleka picha kwenye skrini ya ukumbi, mtu mmoja akijikwaa kwenye waya, kitundu chote kinang'oka na kipande cha bodi. Kile kikubwa nakiona mara chache mno mezani. Walioomba kamera nyembamba wakapewa kitundu chembamba.

La tatu kuvu. Hili nalipa muda.

Chukua lenzi, funua mbele na nyuma, zima taa, mulika tochi ya simu kwa upande. Ukiona nyuzi nyeupe nyembamba kama utando wa buibui, zimeanzia ukingoni zinatambaa kuelekea katikati, hiyo ndiyo. Ikiwa changa naifungua naifuta inakwisha. Ikikaa mwaka, kuvu hutoa asidi inayokula ule utando wa rangi juu ya kioo, na hapo hata nikifuta alama inabaki imechorwa. Vitabu vya kamera nyingi vinasema chombo kifanye kazi nyuzi 0 mpaka 40 na unyevu usizidi asilimia 85. Masika ya Sahare asubuhi, hewa yenyewe unaikamua kama kanga iliyofuliwa.

Na jamani acheni kuweka lenzi kwenye mchele. Mchele una vumbi. Tafuta kopo la plastiki linalofunga vizuri, weka vile vifuko vya silika, kausheni vifuko mara kwa mara. Begi la ngozi ndani ya kabati ndiyo nyumba ya kuvu.

Sasa kwenye swali la mada. Alikuja kijana hapa akasema, fundi, niambie flashi gani kubwa ninunue, picha zangu zimekuwa na ukungu. Ameshachanga laki tatu. Nikamulika lenzi: kuvu mpaka katikati. Nikasafisha, hela yake ya flashi akaenda kulipia ada ya mdogo wake. Malalamiko yake yalikuwa ya kweli. Dawa aliyojiandikia ndiyo haikuwa. Kampuni ikimsikiliza neno kwa neno itamtengenezea flashi.

---

Kashata_na_Kahawa

Fundi nina lenzi iko kwenye mchele tangu Ramadhani. Nifanyeje?

---

Fundi_Lenzi

Pika wali. Lenzi niletee.

---

Binti_Sahare (Tanga)

Asalaam aleykum. Nawasalimu wakubwa kwa wadogo. Naona mnaongea joto na raba, nami nilete la upande wa ndani.

Mimi napiga shughuli za akina mama. Usiku wa hina, kumsinga bibi harusi, ngoma za ndani. Mwanamume haingii, simu zinakusanywa mlangoni kwenye ungo, somo wake bibi harusi anakaa hapo mwenyewe kama askari. Wanaovaa buibui na nikabu nje, humo ndani wako na nywele wazi, wamejipamba, wanacheza. Wananiamini mimi na kamera yangu tu. Hizo picha zikitoka mtaani, siyo kazi tu imeharibika, ni nyumba ya mtu.

Mwaka jana nimetoka kwenye shughuli saa nane usiku, nimepanda bajaji. Kufika nyumbani naangalia kifuko cha kadi za memori zenye picha, kadi moja haipo. Jamani. Nilikaa chini kwenye baraza nikashindwa hata kulia. Nimemwaga begi lote kwenye mkeka, nimefungua mpaka pochi ya hina. Mwisho nikakumbuka: ukumbini niliifunga kwenye pindo la kanga, kama tulivyofundishwa kufunga hela ya soko. Ilikuwepo. Tangu siku hiyo kila kadi ya shughuli za ndani nasafiri nayo kwenye pindo, siyo kwenye begi.

Swali langu kwa kampuni ni moja. Simu ya elfu themanini ina neno la siri. Kamera ya milioni mbili haina. Kadi ukiitoa unaichomeka kwenye kompyuta yoyote, inafunguka kama mlango wa duka. Na siyo kwamba hawajaambiwa. Mwaka 2016 wapiga picha za habari na watengeneza filamu zaidi ya 150 waliwaandikia barua ya wazi kampuni kubwa, Canon, Nikon na Sony zikiwemo, kuomba picha zifungwe kwa siri ndani ya kamera. Wao walikuwa wanaogopa kunyang'anywa kadi mipakani na vitani. Mimi naogopa bajaji. Lakini kufuli tunaloomba ni lile lile.

Watu 150 wenye majina makubwa hawakutosha. Nikiandika mimi wa Sahare?

---

Kitumbua_Moto

Dada hili hata mie sikuliwaza, wallahi. Miaka tisa nalalamikia shela na LED, hilo la kadi mwanamume huwezi kulijua kwa sababu hata mlangoni hufiki.

---

Jahazi_la_Tatu

Nikiri hapo nimekosa jibu zuri. Nitakachosema ni kwamba kufunga faili kubwa za picha mfululizo kunakula nguvu ya kichakataji na betri, na mtu akisahau neno la siri harusi nzima imepotea, kesi inarudi kwa kampuni. Wanaogopa hiyo kesi kuliko wanavyoogopa lawama zako.

---

Binti_Sahare

Waniachie mimi niwashe au nizime. Nikisahau neno la siri langu ni kosa langu, kama funguo za nyumba.

---

Babu_wa_Negativu

Vijana, hamjambo.

(Najua mtaniamkia, marahaba nimeshazipokea zote.)

Mie nimeanza na chumba cha giza, taa nyekundu na mikono inanuka dawa. Kwa hiyo kabla ya kusema habari ya wateja kusikilizwa au la, kumbukeni kamera ya dijitali yenyewe haikuombwa na mteja. Steven Sasson, mhandisi kijana wa Kodak, kampuni ya filamu za picha, aliitengeneza 1975. Ilikuwa na uzito wa kilo tatu na nusu na ushei, picha nyeusi na nyeupe, ikiandika kwenye kaseti kwa sekunde 23 picha moja. Wakubwa wake wakamwambia hakuna mtu atakayetaka kutazama picha zake kwenye televisheni. Siku hiyo ungemwuliza mteja, angesema nataka filamu ya bei nafuu. Kodak wakaendelea kuuza filamu, na Januari 2012 wakaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika. Hapo wa kumsikiliza alikuwa mhandisi, na hawakumsikiliza.

Lakini nina hadithi ya pili, nayo inamwendea mleta uzi na bwana harusi wake mwenye meno.

Sie tuliopiga picha za pasipoti kwa filamu ya rangi zamani tunajua. Mtu mweusi akitoka, unaona shati, unaona pazia la bluu, uso umezama. Tulikuwa tunapaka mafuta shavuni kidogo ili mwanga ukamate, tunamsogeza mtu dirishani, tunafungua lenzi kuliko kipimo kinavyosema. Tulidhani ni ufundi wetu mbovu. Kumbe maabara zilikuwa zinarekebisha rangi kwa kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, zikiitwa kadi za Shirley, na filamu yenyewe ilisawazishwa kwa ngozi ile.

Sasa nani aliwafanya Kodak wairekebishe filamu? Waliofanya kazi humo wamesimulia wenyewe. Walalamikaji waliosikilizwa walikuwa wenye viwanda vya samani na wa chokoleti. Wa samani walisema mbao nyeusi na mbao ya kahawia kwenye tangazo hazitofautiani. Wa chokoleti wakasema chokoleti ya maziwa na ile chungu zinatoka rangi moja. Basi vivuli vya kahawia vikatafutiwa dawa, na watu weusi wakafaidi humo humo, kwa mgongo wa kabati na pipi.

Mie nikisikia "maoni ya mteja" huwa naiwaza ile chokoleti.

---

Kashata_na_Kahawa

Shikamoo babu. Mniache kidogo nikae.

---

Mwanasanaa_Bwagamoyo (Bagamoyo)

Marahaba za babu tuzirudie: shikamoo mzee wangu.

Mie niko Bagamoyo, narekodi ngoma na maigizo, hasa msimu wa tamasha pale chuo cha sanaa. Naongezea kwenye ya babu, maana yangu inakwenda njia hiyo hiyo.

Canon 5D Mark II, mwaka 2008. Waliolilia vidio kwenye kamera ya picha walikuwa mashirika ya habari, AP na Reuters, ili mwandishi wao abebe chombo kimoja. Basi. Ikatoka, na waliokuja kuishi kwayo ni watu wa harusi na wa filamu za bei nafuu dunia nzima, sisi humu. Hakuna aliyetuuliza, tukafaidi.

Ila ilitoka na kasoro mbili. Kwanza kwenye vidio kila kitu kilijichagua chenyewe, huwezi kupanga mwenyewe shata (muda ambao kamera inapokea mwanga) wala mwanga. Pili ilirekodi fremu, yaani picha, 30 kwa sekunde tu. Sasa umeme wetu, kama wa Ulaya, ni hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Taa ya tyubu inapepesa mara mbili kila mzunguko, mara 100 kwa sekunde. Fremu 30 haziingii kwenye 100 sawasawa, shata nayo inajichagulia itakavyo, kwa hiyo ukumbi mzima unapumua: unafifia, unang'aa, kama mtu anafunika na kufunua sinia. Fremu 25 zinaingia. Watu wa nchi za hezi 50 wakapiga kelele. Juni 2009 ikaja programu mpya ya ndani, ukaweza kushika mwenyewe. Machi 2010 ikaja nyingine yenye fremu 24 na 25. Kamera ile ile, chuma kile kile, ikapona kwa maneno ya watu. Jahazi hapo unasemaje?

Na waliochoka kungoja walijitengenezea. Magic Lantern, programu ya kuongezea kwenye kamera, ilianza 2009 kwa kamera hiyo hiyo, mtumiaji aliyekuwa anataka kuona kipimo cha sauti akaiandika mwenyewe, wengine wakajiunga. Hayo ndiyo maoni ya mteja bila kisanduku cha herufi 500.

Leo tyubu zimeondoka, zimekuja LED za jukwaani, kila moja inapepesa kwa mwendo wake. Nikipiga kwa shata ya kimya, ngoma ya sindimba inatoka na mistari myeusi ya kulala kama godoro la jela. Tumerudi pale pale, tunangoja kelele za mwingine.

---

Jahazi_la_Tatu

Nasema umeniweza, kwa sehemu. Sijawahi kusema wasisikilizwe kabisa. Hata mie ninayo mifano. Fujifilm X100 ilitoka 2011 ikiwa na fokasi ya kobe. Mapema 2013 mrithi wake akawa ameshafika madukani, na bado Oktoba mwaka huo huo wakaipa ile ya zamani programu mpya iliyoharakisha fokasi. Bure. Nikon Z6 na Z7 za 2018 zilikuja na tundu moja la kadi, wapiga harusi wakawaka, toleo la pili la 2020 likaja na matundu mawili. Betri za Sony watu walikuwa wanatembea nazo mfukoni kama karanga: A7 II ilipimwa picha 350 kwa chaji moja, A7 III ya 2018 ikafika 710.

Angalia lakini yaliyosikilizwa. Fokasi, kadi, betri. Ni mambo ambayo mtu wa New York na wa Tokyo wanayalilia kwa sauti moja na wa Tanga. Yanayomuuma wa Tanga peke yake, raba na kuvu na kufuli la Binti Sahare, hayo sioni.

---

Fundi_Lenzi

Eeh. Sasa unaongea.

---

Kitumbua_Moto

Wakuu nimekesha. Nimewasoma wote, nimeandika hivi, nihesabieni herufi:

"Napiga harusi Tanga, pwani ya Tanzania. Kamera zenu zipimeni kwenye nyuzi 32 na jasho, si 23. Raba ya kushikia isibandikwe kwa gundi ya karatasi. Kitundu cha HDMI kiwe kikubwa. Kadi ifungwe kwa neno la siri, picha za ndani za akina mama zisisomwe na kila kompyuta. Kipimo cha mwanga kimwone mtu mweusi aliyesimama karibu na shela jeupe. Jicho la paka liacheni kwanza."

---

Binti_Sahare

Mashaallah. Ila fomu si ya Kiingereza?

---

Kitumbua_Moto

Nimeandika Kiswahili. Watafute mkalimani, hela wanazo.

---

Babu_wa_Negativu

Mwanangu, umesema dawa nyingi, shida umezisema chache. Fundi kakwambia nini? Waambie bwana harusi anatoka kivuli. Namna ya kumtoa kivulini watajua wao.

---

Kitumbua_Moto

Sawa babu. Nimebadilisha, nimemweka bwana harusi juu kabisa, na raba nimesema tu inabanduka kwa jasho. Nabonyeza sasa hivi.

---

Kashata_na_Kahawa

Mkuu vipi, imekwenda?

---

Kitumbua_Moto

Haijakwenda.

Baada ya maoni kuna ukurasa mwingine. Wanataka namba ya mwili wa kamera, ile iliyochapwa chini kwenye kibati. Nimegeuza kamera, nimemulika tochi, nimeandika tarakimu moja moja. Imenijibu: namba hii imeshasajiliwa na mtumiaji mwingine, ingia kwa akaunti ya mmiliki. Kamera nimeinunua Kariakoo, imeshatumika, ilikuja na mkanda wenye maandishi ya Kijapani. Nimebonyeza kurudi nyuma, nikarushwa mwanzo, swali la ndege anayeruka. Maoni yote yamefutika.

---

Jahazi_la_Tatu

Pole mkuu. Hapo siyo hitilafu, hapo ndivyo mfumo ulivyo. Hela yako ilikwenda kwa mwenye duka Kariakoo, kampuni haikuona hata senti. Kwenye vitabu vyao mteja ni yule Mjapani wa mkanda, wewe hujawahi kuwepo. Na nina hakika nusu ya waliochangia uzi huu hawapo vilevile.

---

Binti_Sahare

Yangu ya Dubai. Sipo.

---

Mwanasanaa_Bwagamoyo

Yangu nimeuziwa na mtalii pale ufukweni. Sipo.

---

Fundi_Lenzi

Kitumbua, raba yenyewe imeachia upande gani?

---

Kitumbua_Moto

Kidole gumba, fundi. Na leo saa kumi nina nikahi.

---

Fundi_Lenzi

Pitia saa nane, nimefungua. Usiivute njiani.